Nani atashinda naye mchana? Kumpatia nyumba shepadi mkubwa aliyekwisha komaa

Swali: "Nina mbwa dume, shepadi wa Kijerumani, anaitwa Simba. Ana miaka sita na kilo 38, na tumemlea tangu akiwa mdogo hapa Mbezi Beach. Nimehamishiwa Dodoma kikazi. Nitakaa ghorofani na watoto wangu wawili, siwezi kwenda naye. Zimebaki wiki sita. Kampuni moja ya ulinzi iko tayari kumchukua kesho, na kuna kijana anamtaka bure. Mwaka jana alimng'ata fundi bomba aliyefungua geti bila kupiga hodi. Hilo niliseme? Na nitajuaje kwamba nyumba ninayompeleka inamfaa?" Msomaji, Dar es Salaam.

Jibu:

Dada yangu, pole na pilikapilika za kuhama. Wiki sita zinatosha kama utaanza wiki hii. Usimtoe kesho kwa yeyote. Na ndiyo, habari ya fundi iseme, tena mapema. Nitakueleza namna ya kuisema.

Tuanze na jambo linalowaponyoka wengi. Mtu akitafuta nyumba ya mbwa humkagua mwenye nyumba: ana uwanja, ana uwezo, anasema anapenda mbwa. Lakini nyumba zetu nyingi mwenyewe huondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku. Anayefungua banda, anayejaza maji, anayeamua kumwita mbwa kwa jina au kumrushia jiwe, ni mlinzi wa getini, kijana wa shamba au dada wa kazi. Shepadi ni mbwa wa kushikamana na mtu, na atashikamana na yule anayeshinda naye. Mtu huyo akimwogopa, Simba atafungiwa kutwa nzima, na mbwa wa aina hii akifungiwa kutwa huanza kubweka bila kikomo, kuzunguka hapo hapo, kujilamba miguu hadi vidonda, na mwisho kung'ata. Kwa hiyo unapomtafutia Simba nyumba, mtafutie kwanza mtu wa mchana. Ua, ukuta na fedha vinafuata.

Wiki ya kwanza ni ya daktari wa mifugo. Nenda na kadi ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa isiwe imepita mwaka. Kama imepita, achanjwe sasa, maana hakuna mtu makini atakayechukua mbwa aliyewahi kung'ata bila kuiona tarehe hiyo. Omba apimwe damu kwa magonjwa ya kupe. Huku pwani kupe ni wa mwaka mzima, na mbwa anaweza kukaa na ugonjwa huo muda mrefu akionekana mchovu tu, ufizi umepauka, hali chakula vizuri. Kisha akihama na kupata msongo, unalipuka, na mwenyeji mpya anadhani ameuziwa mbwa mbovu. Daktari amkague nyonga, viwiko na mgongo, kwa sababu shepadi hurithi udhaifu wa viungo hivyo. Wewe mwenyewe mtazame asubuhi anapoinuka: akianza kujikokota nyuma kwa hatua chache ndipo achanganye mwendo, mwambie daktari, na mwambie pia atakayemchukua. Kilo 38 kwa dume si nyingi mno, kwani dume wa shepadi huwa kati ya kilo 30 na 40 akiwa na urefu wa sentimita 60 hadi 65 begani. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zikipapasika kirahisi, yuko sawa. Zisipopapasika, punguza chakula sasa, nyonga zitakushukuru.

Kama hajahasiwa, ahasiwe wiki hii hii. Jeraha hupona kwa siku 10 hadi 14, kwa hiyo atakuwa tayari watu wakianza kuja kumwona. Usimwahidi mtu kwamba kuhasiwa kutamfanya mpole. Mazoea ya miaka sita ya kulinda geti hayaondoki kwa kisu. Sababu yangu ni nyingine: shepadi dume asiyehasiwa anayetolewa bure huwaita watu wanaotafuta dume la kupandishia majike yao, na mbwa wa namna hiyo huishi bandani, hutolewa kwa kazi, hurudishwa bandani. Ukiandika "amehasiwa", watu hao hawapigi simu. Ila wiki chache za mwanzo bado anaweza kuzalisha, kwa hiyo asikutane na jike mwenye joto.

Wakati jeraha linapona, mchunguze Simba kama vile humjui. Chukua daftari. Anafanya nini mtu akipita karibu na sahani yake anapokula? Mgeni akiingia nawe upo, na mgeni akisimama getini nawe haupo? Mtoto akipita mbio? Paka, kuku, mbuzi? Dume mwenzake nje ya ukuta? Radi, fataki? Akibaki peke yake kwa saa nne? Anakubali kuguswa masikio, miguu, mdomo? Mtu wa tatu, si wewe wala watoto, anaweza kumfunga kamba na kumtembeza? Andika unachokiona, usiandike unachokitarajia. "Anapenda watoto" si taarifa. "Anawapenda wanangu wa miaka minane na kumi na moja, watoto wageni wakikimbia huwafuata akibweka" ni taarifa, na inaweza kuokoa uso wa mtoto wa mtu.

Hapa inafaa kujua alikotoka mbwa huyu. Shepadi alianza kuandikishwa kama aina rasmi Ujerumani mwaka 1899, kazi ya afisa wa farasi Max von Stephanitz, kutokana na mbwa wa wachungaji. Wachungaji wale walilisha kondoo kando ya mashamba yasiyo na uzio, na kazi ya mbwa ilikuwa kutembea kutwa kwenye mpaka, kwenda na kurudi, kondoo asivuke kuingia kwenye mazao. Mbwa ndiye aliyekuwa uzio. Ndiyo maana Simba amechimba njia kando ya ukuta wako, ndiyo maana pikipiki inayopita kasi humtoa akili, na ndiyo maana mtu anayevuka mpaka bila mwenyeji kumpokea humchukulia kama mhalifu. Hii si kasoro ya malezi. Inaelekezwa, haifutwi. Mtu anayetaka mbwa wa kulala tu barazani atafute aina nyingine.

Sasa habari ya fundi. Iandike kwa ukweli wote: siku gani, nani alikuwepo, mbwa alikuwa wapi, aliyeng'atwa alifanya nini, alishika wapi, aliachia mwenyewe au alivutwa, jeraha lilihitaji kushonwa au la. Mbwa aliyeng'ata mara moja na kuachia, getini, kwa mtu aliyeingia bila mwenyeji, ni habari inayoeleweka na inayodhibitika kwa kufuli na kengele. Mbwa aliyeng'ata na kung'ang'ania, au aliyewageukia watu wa nyumbani, au anayerudia, ni habari nyingine kabisa. Huyo asihamishwe kabla daktari au mkufunzi mzoefu hajamwona. Ukificha, mwenyeji mpya ataacha geti wazi kwa imani uliyompa wewe. Na mwambie pia, kwa sababu wengi hawajui: yeyote akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa, mbwa naye asiuawe wala kufukuzwa, azuiwe na kuangaliwa siku 10.

Tangazo liwe fupi na lenye makali. Kwa mfano: "Shepadi wa Kijerumani, dume, miaka 6, kilo 38, amehasiwa, chanjo zote zipo. Amezoea watoto wakubwa wa nyumbani. Hapatani na madume wenzake wala paka. Hukimbiza pikipiki. Aliwahi kumng'ata mgeni aliyeingia getini bila kupokelewa. Anahitaji ua wenye ukuta, mtu mzima anayeshinda nyumbani na kutembezwa kila siku. Si wa mnyororo. Tutakuja kuiona nyumba. Atakayemchukua atachangia gharama za daktari." Badilisha kufuatana na daftari lako. Weka picha mbili: moja amesimama ubavu, moja yuko karibu na mtu mzima ili ukubwa wake uonekane. Geti lako na namba ya nyumba visionekane. Neno "bure" usiliandike. Mchango hata kama ni wa kurudisha gharama ya chanjo tu huwapunguza wanaookota mbwa kwa kuuza.

Tangazo hilo lisianzie mtandaoni. Lianzie kwa daktari wako wa mifugo, anayewajua wateja waliofiwa na mbwa wakubwa na waliomtunza mbwa hadi uzeeni; hao ndio bora kuliko wote. Kisha wafanyakazi wenzako, jamaa, majirani wa zamani. Mashirika ya ustawi wa wanyama kama TAWESO hapo Dar es Salaam waulize kama wanamjua mtu anayetafuta mbwa mkubwa. Mitandao iwe ya mwisho, maana inaleta simu nyingi na watu wachache.

Kuhusu kampuni ya ulinzi, siikatai moja kwa moja. Yapo mabanda yanayotunzwa vizuri. Lakini mbwa wa kazi huandaliwa akiwa kijana, na Simba ana miaka sita, amekulia na watoto. Kazini huenda atabadilishiwa mshikaji kila zamu, apakiwe garini kila jioni, alale mchana katika safu ya mbwa wanaobweka. Na shepadi kwa kawaida huishi miaka 9 hadi 13, maana yake kazi ikimshinda akiwa na miaka minane bado ana miaka ya kuishi. Waulize: mshikaji ni mmoja au wengi? Daktari wenu ni nani, naweza kumpigia? Mbwa akichoka anakwenda wapi? Kisha omba kuona mabanda saa saba mchana siku ambayo hukuitaja. Wakikataa, umepata jibu.

Kijana anayemtaka bure naye asidharauliwe kwa kuwa hana fedha. Piga naye hesabu. Mbwa wa ukubwa huu anakula takribani gramu 400 hadi 500 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 12 hadi 15 kwa mwezi, au sufuria ya dona na dagaa au utumbo uliopikwa, kila siku, hata mwisho wa mwezi. Juu yake kuna dawa ya kupe, dawa ya minyoo, chanjo ya kila mwaka. Maji ni karibu lita mbili kwa siku, na zaidi kukiwa na jua kali. Muulize atampikia nini na nani atapika akisafiri. Anayejibu kwa undani ni mtu wa kumtembelea. Anayesema "atakula tutakachokula" hajafuga mbwa wa kilo 38.

Kwenye simu, kabla ya kupanga ziara, uliza machache tu. Nani anashinda nyumbani, na anaonaje habari ya mbwa? Mbwa wa mwisho alikuwa nani na yuko wapi sasa? Nyumba ni yako au ya kupanga, na mwenye nyumba ameridhia? Kuna mtoto wa chini ya miaka sita, mjamzito, mgonjwa wa pumu? Na uliza bila aibu kuhusu dini na mazoea ya nyumba. Familia nyingi za Kiislamu hufuga mbwa wa ulinzi vizuri sana, ila zinakuwa na utaratibu: vyombo vyake peke yake, mahali pake, asiingie ndani wala asiwalambe watu. Simba aliyezoea kulala mlangoni kwa chumba cha watoto atateseka katika utaratibu huo, na familia nayo itasumbuka. Vivyo hivyo dada wa kazi asiyeweza kumgusa mbwa kwa imani yake asitwishwe kazi hiyo na mwajiri wake. Kuuliza mapema ni heshima kwa wote.

Kisha nenda ukaone, mara ya kwanza bila Simba. Ukuta uwe wa mita 1.8 au zaidi, na chini ya geti pasiwe na mwanya wa kupitisha kichwa. Nenda mchana wa jua. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye sakafu ya banda, saa nane hivi. Ukishindwa kuuacha hapo sekunde saba, mbwa hawezi kulala hapo. Mabanda mengi ya zege na bati ni tanuri, na shepadi ana manyoya ya tabaka mbili. (Kumnyoa si dawa, manyoya humkinga na jua pia. Kivuli, sakafu iliyoinuliwa na hewa ya kupita ndiyo dawa.) Tazama miti iliyo karibu na banda: gome likiwa limechubuka mzunguko, na ardhi imechimbika nusu duara kwa umbali ule ule, hapo mbwa aliishi kwenye mnyororo, hata kama umeambiwa vingine. Angalia sahani ya maji. Utelezi wa kijani unaeleza mengi kuliko mwenye nyumba.

Na omba kuongea na mtu wa mchana akiwa peke yake, dakika tano. Mwulize kama aliulizwa. Wafanyakazi wengi huletewa mbwa kama wanavyoletewa jenereta, na hofu yao hawaisemi mbele ya tajiri. Ukimwambia kwamba hakuna atakayemlaumu, atakwambia.

Ziara ya pili nenda na Simba, amevaa kamba na, kwa usalama wa wote, kifunga mdomo cha kikapu alichozoeshwa nyumbani kwa siku saba au zaidi: mpe nyama ndani yake bila kukifunga, kisha funga sekunde chache, kisha dakika. Kukutana kuanzie nje, barabarani kwenye utulivu, si getini. Tembeeni pamoja dakika 20, wewe ukishika kamba, mtu wa mchana akitembea upande wa pili bila kumkodolea macho. Kisha mpe kamba, wewe bado upo. Mtazame mtu kuliko mbwa. Anamsubiri Simba anuse, au anamvuta? Simba akikataa kusonga, anamwita au anapandisha sauti? Mbwa naye: mkia ukiwa chini ya tumbo, masikio nyuma, anageuza kichwa pembeni na kulamba pua, hana raha, rudini siku nyingine. Mwili ukiganda, mdomo ukafungwa na macho yakakaza, sogea mbali bila haraka na bila kumkaripia. Mkutano mmoja mbaya haumalizi habari. Mitatu inamaliza.

Makabidhiano yafanyike Jumamosi asubuhi, wenyeji wakiwa na siku mbili nyumbani. Andikeni karatasi moja: hatauzwa, hatazalishwa, hatafungwa mnyororo, atachanjwa kila mwaka, na nyumba ikishindwa atarudishwa. Kwa kuwa wewe utakuwa Dodoma, taja mtu wa Dar atakayempokea, ndugu au daktari. Bila jina hilo, ahadi ya kurudisha haina mahali pa kwenda. Mwenyekiti wa mtaa akishuhudia, vizuri zaidi. Fungasha kadi ya chanjo, chakula cha siku 10, sahani yake, na godoro au gunia lake bila kulifua, harufu yake imtulize. Mkanda wa shingo ubane kiasi cha vidole viwili kupita, uwe na namba ya simu ya mwenyeji mpya. Asisafirishwe kwenye buti iliyofungwa.

Siku za kwanza ndizo mbwa hutoroka, na shepadi anaweza kufunga safari ya kurudi alikotoka, akavuka barabara kubwa. Wiki mbili nzima geti lifunguliwe akiwa bandani tu, na nje atoke kwa kamba. Siku tatu za mwanzo anaweza asile, asibweke, alale tu. Wamwache. Chakula kibadilishwe taratibu kwa siku 7 hadi 10, robo kwa robo, vinginevyo ataharisha. Ale mara mbili kwa siku, asikimbizwe saa moja kabla wala baada ya kula. Mbwa wenye kifua kirefu kama yeye hupata ugonjwa wa tumbo kujaa gesi na kujizungusha: anajaribu kutapika hakitoki kitu, mate yanamtoka, tumbo limekaza, hatulii. Hapo ni daktari mara moja, hata saa tisa usiku, kwani saa chache zinatosha kumuua.

Onyo lingine liandike kwa herufi kubwa: asichomwe ivamektini ya ng'ombe kwa ajili ya kupe au minyoo. Baadhi ya mbwa wa jamii za wachungaji, shepadi wakiwemo, huzaliwa na hitilafu inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo, na kipimo cha mifugo kinaweza kumpofusha, kumlaza au kumuua.

Kisha waandae kwa wiki ya tatu. Hapo ndipo simu za malalamiko huanza: "Amebadilika, alikuwa mpole." Hajabadilika. Amekubali kwamba pale ni kwake, na sasa ameanza kulinda. Ndiyo wiki ya kuwa makini na mafundi, wageni na bodaboda wa kuleta mizigo: kengele getini, kufuli, mbwa bandani kabla geti halijafunguliwa, mgeni apokelewe na mtu anayemfahamu, ndipo Simba atolewe kwa kamba. Wakifanya hivyo kwa miezi miwili au mitatu, huwa utaratibu wa nyumba. Piga simu siku ya tatu, wiki ya tatu na mwezi wa tatu, na uombe kuongea na mtu wa mchana. Watoto wako wakitaka kumtembelea, wasubiri angalau hadi mwezi wa tatu.

Ikifika wiki ya tano bado hujapata, usilegeze masharti ili tu aondoke. Lipia matunzo kwa daktari au kwa jamaa anayemfahamu mwezi mmoja au miwili, uendelee kutafuta ukiwa Dodoma. Huko nako zipo nyumba za chini zenye ua, na daktari atakueleza kibali cha kumsafirisha. Usimwache kwa mpangaji anayeingia kwa kuwa "amezoea hapo", maana huyo hakuomba mbwa. Usimfungulie geti. Na kama daftari lako na ukaguzi wa daktari vitaonyesha kwamba anawageukia watu wa nyumbani bila onyo, zungumza na daktari kwa uwazi kuhusu kumlaza usingizi wa mwisho, wewe ukiwa umemshika, badala ya kuipeleka hatari hiyo kwenye nyumba ya watu wengine.

Anza na miadi ya daktari kesho asubuhi, na umpigie mtu wa kampuni ya ulinzi umwambie asije kumchukua kesho.